Kupunguza Gauni la Wifi

Jumatatu, 11 Aprili 1994
Magoti. Leo yamekataa kabisa kituo cha benchi. Mwalimu Chilewa kapuliza filimbi, wenzangu wakahamia kwenye vidumu, mimi nikabaki nimeshikilia benchi. Wiki ya pili hii. Vituo vinane pale uwanja wa shule, Nkuhungu: kamba, benchi, vidumu vya mchanga, kuchuchumaa, tairi, tumbo, mbio za jiwe kwa jiwe, kusukuma ukuta. Nusu dakika kila kituo, pumzi kidogo, filimbi, kingine. Mizunguko mitatu. Mwalimu alikuwa jeshini zamani. Neno "polepole" analijua kwa sababu daktari kamwandikia kwenye karatasi.

Tuko wanawake kumi na moja, wote wanene, wote wa kukaa. Mimi nashinda kwenye cherehani. Wifi Hadija anashinda juu ya marobota yake ya mitumba sokoni. Daktari alitupima siku moja, akatuambia maneno yale yale: presha iko juu, uzito umezidi, mwili umelala. Mimi ndiye niliyemvuta Hadija aje. Niliogopa kuchekwa peke yangu.

Alhamisi, 14 Aprili
Mwili mzima unauma. Hata kukanyaga pedali ya cherehani ni adhabu. Baba Shani kanicheka nilipokuwa nashuka kitandani kinyumenyume. Anasema dada yake, Hadija, naye anatembea hivyo hivyo. Nikafurahi sana kusikia hivyo. Naandika kwa sababu ni kweli.

Kazi leo: kukata suruali mbili za mitumba, kushona zipu moja. Hakuna aliyeleta kitambaa tangu Idi. Watu wanakwenda kwa Hadija, wananunua gauni lililokwisha kushonwa Ulaya, kisha wanakuja kwangu nilipunguze. Ninaishi kwa kupunguza nguo alizouza wifi yangu.

Jumatano, 4 Mei
Hadija karuka kamba nusu dakika nzima bila kukwama. Wote walipiga makofi. Mimi pia. Mikono yangu ilipiga, roho haikupiga.

Ijumaa, 13 Mei
Kaja na gauni lake la kijani. Linapwaya. Nimpunguzie vidole viwili kila upande. Nimempima: kweli, vidole viwili. Nimepima mara ya pili kwa kuwa sikuamini. Anasema usingizi siku hizi unamchukua mara tu akilala, na kichwa kile cha asubuhi kimekwisha. Anasema kila kitu kwa furaha, kama mtu anayekugawia chakula. Mimi nilikuwa na pini mdomoni, sikuweza kujibu. Nashukuru pini.

Mimi nimepungua nini? Hakuna. Najua sababu. Hadija akitoka mazoezini anakwenda kula ugali wa uwele na mlenda. Mimi napita kwa mama wa sambusa pale kona. Tatu. Jana nne. Najiambia nimezitolea jasho.

Jumanne, 24 Mei
Mwalimu kamweka Hadija mbele. "Mtazameni huyu anavyochuchumaa, mgongo wima." Anamwita mfano. Wamama wote wanamtazama mfano. Mfano kavaa suruali ya traki ya bluu aliyoitoa kwenye robota lake mwenyewe, juu kafunga kanga, na ushungi wake mweupe hautoki kichwani hata akiruka. Yangu niliishona mwenyewe kwa kitambaa cha shuka. Imepasuka katikati leo, kituo cha tairi.

Jioni Baba Shani kanikuta nakula. Akasema, bila ubaya, "Muone Hadija." Basi. Maneno mawili. Nikamaliza chakula chote, nikaongeza.

Jumatatu, 30 Mei
Upumbavu wangu, niuandike.

Nilitaka kumpita. Hadija akinyanyua vidumu mara kumi na tano, mimi ishirini. Filimbi ya mapumziko ikilia, mimi naendelea. Nilibana pumzi, kitu Mwalimu anachokikataza kila siku kwa wenye presha. Mzunguko wa pili, kwenye mbio za mawe, uwanja ukageuka mweusi pembeni. Nikakaa chini. Moyo ulikuwa unapiga hadi masikioni. Hadija ndiye aliyefika wa kwanza. Kanilaza, kanivua viatu, kanipepea kwa kanga yake.

Mwalimu kaja kwa ukali. Kasema mazoezi haya ni dawa, na dawa ukiinywa chupa nzima kwa siku moja inakuua. Kanisimamisha wiki mbili, nitembee tu.

Hadija kanisindikiza hadi mlangoni, mkono wake kiunoni kwangu. Nilihisi mkono wake jinsi ulivyo mwepesi. Ningependa aliyenisaidia awe mtu mwingine yeyote.

Jumanne, 14 Juni
Kupimwa presha tena. Muuguzi wa zahanati alikuja uwanjani na mashine yake.

Hadija: ilikuwa mia na sabini kwa mia na tano, leo mia na thelathini na nne kwa themanini na sita. Muuguzi kapima mkono wa pili kuhakikisha. Mimi: ilikuwa mia na sitini na nane, leo mia na sitini na sita. Muuguzi kaniuliza ninakula nini. Nikasema mboga.

Upepo wa Juni umeanza, vumbi na baridi. Nimevaa sweta na bado nahisi baridi. Nina hasira hata na upepo.

Jumapili, 26 Juni
Hadija kaposwa.

Mwalimu Iddi, mkuu wa shule kule Kolo. Mjane kama yeye. Mtu mpole, nguo zimepigwa pasi, anasikiliza kabla ya kusema. Alikuja sokoni kununua koti, akarudi kubadilisha koti, akarudi kuuliza kama lile la kwanza bado lipo. Leo kaleta wazee wake kwa Baba Shani, maana ndiye kaka mkubwa. Ndoa wanataka iwe Septemba, baada ya mavuno.

Miaka mitatu Hadija hana mtu. Mumewe alikufa kwa figo, polepole, hapa hapa Dodoma, na yeye alimhudumia hadi mwisho, kisha akaanza kula. Ndivyo alivyonenepa, alikuwa anakula badala ya kulia. Mimi nilimwona. Nilimpikia mimi.

Leo alikuwa amekaa sebuleni kwangu na gauni la kijani nililolipunguza kwa mikono yangu, na alikuwa mzuri. Wazee wa Kolo walimwangalia kwa adabu. Baba Shani uso wake wote ulikuwa meno. Sijui mara ya mwisho kuniangalia mimi hivyo ilikuwa lini.

Nilipeleka chai. Niliiweka sukari nyingi kwenye kikombe chake makusudi. Hakuinywa.

Jumatano, 29 Juni
Gauni la harusi nitashona mimi, bila shaka. Kitambaa kipya kabisa, cha dukani. Kitambaa changu cha kwanza tangu Idi, na ni cha kwake.

Jumamosi, 9 Julai
Harusi ya mtoto wa jirani. Wanawake tulikuwa nyuma ya nyumba tangu asubuhi, sufuria nne za pilau, vitunguu gunia zima. Hadija kafika na gauni la kijani. Nilikwisha kulipunguza tena wiki iliyopita: sasa ni vidole vinne. Mmoja kamwuliza, jamani, Hadija, umekwenda wapi, mbona umebaki nusu? Mwingine: umekonda! Walisema kwa mshangao. Yeye anacheka, anazunguka waone.

Wakanigeukia mimi. Wifi yake. Mwenye ruhusa. Kila mtu anajua mawifi hutaniana na hakuna wa kukasirika; ndiyo raha ya jikoni kwenye harusi, wanasubiri waone nani atamchoma mwenzake.

Nikasema: "Msishangae kiuno. Marehemu alimwachia urithi. Na haukuwa nyumba."

Walicheka. Kisha kicheko kikafa, kwa sababu kila mtu ana ndugu aliyekonda hivyo akazikwa. Hadija alikuwa wa mwisho kuacha kucheka. Akanijibu kama inavyotakiwa: "Wewe endelea kula, jeneza lako litabebwa na trekta." Wakacheka tena. Akaendelea kumenya vitunguu. Macho yalikuwa mekundu, lakini tulikuwa wote tunamenya vitunguu.

Utani. Wifi anaruhusiwa.

Jumapili, 10 Julai
Sikwenda popote. Nimetoa zipu ya suruali, nikairudisha, nikaitoa.

Ijumaa, 15 Julai
Sokoni hawagusi nguo za Hadija kama zamani. Wanazishika kwa ncha za vidole. Kanisimulia mwenyewe, anajifanya hajali. Mwanamke mmoja kamwuliza kama hizo nguo amewahi kuzijaribu mwilini.

Jumanne, 19 Julai
Wazee wa Kolo wamekuja tena. Safari hii wawili tu, na hawakula. Walizunguka maneno muda mrefu: mvua, shule, barabara. Mwisho mmoja akasema wamesikia kitu, na kilisemwa ndani ya familia yenyewe, tena hadharani. Wanaomba bibi harusi akapimwe damu, waione karatasi.

Baba Shani kawaambia dada yake anafanya mazoezi, waende Nkuhungu wakamwulize Mwalimu Chilewa. Wakaitikia kwa kichwa. Kila anayekonda mjini hapa anasema ni mazoezi, ni malaria, ni mawazo. Wamezoea.

Hadija alikuwa nyuma ya pazia na mimi. Alisikia kila neno. Hakunitazama.

Kupimwa. Wanadhani ni kupima mguu wa kiatu. Ukionekana tu umekaa kwenye lile benchi la hospitali, mji mzima umeshakusomea majibu kabla ya daktari. Na kesho yake nani atanunua blauzi kwako?

Jumatano, 20 Julai
Baba Shani kaniuliza nani alisema. Nikasema ni utani wa jikoni, wanawake. Hakuuliza zaidi.

Hapa ni mimi na daftari, basi niandike. Siku ile ya pilau, kwenye mkeka wa pili, alikuwa amekaa Mwanahamisi. Binamu yake Mwalimu Iddi, kaolewa hapa mjini. Alikuwa na kisu na karoti. Nilimwona. Nilimwona kabla sijafungua mdomo. Nilijua ni wa upande wa nani.

Jumatatu, 1 Agosti
Hadija hakuja uwanjani. Wiki ya pili. Mwalimu kaniuliza, nikasema ana kazi.

Nimepita kwake. Nimemkuta anakula. Ugali wa mahindi, nyama ya mafuta, chapati pembeni, soda. Ananiambia hatakwenda kupimwa na hatakwenda mazoezini. Atanenepa, wamwone. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anakata chapati. "Wakiniona nimejaa, maneno yatakwisha wenyewe."

Nikamwambia, na presha je? Akasema presha haionekani.

Nikala naye chapati moja, kwa aibu.

Hajanilaumu. Hata neno. Hawezi: ulikuwa utani, na mtani akikasirika yeye ndiye anayeonekana mbaya. Nilijua na hilo pia.

Ijumaa, 12 Agosti
Baba Shani anataka niende Kolo. Mimi ndiye shahidi, anasema. Tulianza pamoja, tulipimwa pamoja, mimi ndiye niliyepunguza magauni wiki kwa wiki. Nikisema mimi watasadiki.

Hajui. Alivyoniangalia nilidhani anajua, kumbe alikuwa ananitegemea tu.

Jumapili, 14 Agosti
Kolo. Basi la alfajiri, vumbi mpaka kwenye meno.

Dada yake Mwalimu Iddi kanipokea vizuri. Maji, mkeka, maziwa mgando. Mwalimu mwenyewe hakuwepo, au alikuwepo chumbani. Nilieleza yote: vituo vinane, filimbi, kamba, ugali wa uwele, muuguzi na mashine. Nilimwonyesha hili daftari, upande ule wa mbele wenye vipimo vya wateja: Hadija kiuno Aprili, Hadija kiuno Mei, Juni, Julai. Nilikuwa nalia.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mama Shani, si wewe uliyesema?"

Nikasema ulikuwa utani.

Akasema anajua, hata wao wanataniana. Lakini wifi ndiye anayejua ya chumbani, na mtu akitania husema la kweli kwa kuwa hapo haogopi. Hayo ya leo, akasema, nimetumwa. Yale ya jikoni sikutumwa na mtu.

Alinifungia karanga za kurudi nazo. Sikuzila. Nimezishika mapajani njia nzima.

Jumatano, 24 Agosti
Wametuma salamu kwamba wameahirisha. Neno la heshima. Baba Shani kaelewa, kakunja barua, kaiweka chini ya redio.

Nimemwambia. Jikoni, nimesimama, mkono wangu kwenye mlango. Nilichosema, na nani alikuwepo. Ya Mwanahamisi pia. Hakunipiga, hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja: Hadija alikukosea nini? Nikasema alikonda.

Amelala chumba cha Shani.

Jumanne, 6 Septemba
Hadija kaleta gauni la kijani. Linabana.

Nimefumua. Mishono yangu mwenyewe: kwanza ile ya Julai, chini yake ile ya Mei. Kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani bado kina kijani kibichi, cha nje kimepauka, kwa hiyo mistari miwili inaonekana kila ubavu. Nikamwambia naweza kutia utepe juu. Akasema niiache tu ilivyo. Alikuwa anahema kwa kupanda ngazi zangu tatu. Kichwa kinamuuma tena asubuhi. Sokoni, anasema, wameanza kumwambia umependeza, umerudi.

Kitambaa cha harusi bado kipo kabatini kwangu. Hakukiuliza, sikukitaja.

Jumatano, 5 Oktoba
Naendelea kwenda uwanjani. Sina sababu nzuri ya kusema. Sina pa kwenda saa kumi na nusu. Sambusa hazipiti kooni tangu Kolo. Nachuchumaa, nanyanyua vidumu, napumua kama nilivyofundishwa. Filimbi ikilia napumzika.

Muuguzi kapima: mia na thelathini na nane kwa themanini na nane. Kanishika mkono, kanipongeza. Mwalimu Chilewa kaniweka mbele. "Mtazameni huyu." Nilichuchumaa mgongo wima, nikitazama benchi ambalo Hadija alipenda kuweka kanga yake.

Hiki ndicho nilichokitaka mwaka mzima. Sikijui ladha.

Jumanne, 18 Oktoba
Mwanamke mmoja dukani kanitazama shingoni, kisha mikononi, kisha usoni. Kaniuliza kama Baba Shani hajambo. Siku ya pili hii naulizwa hali ya Baba Shani.

Jumamosi, 29 Oktoba
Arobaini ya mzee wa mtaa wa pili. Wanawake uani, sufuria, mchele wa kuchambua. Joto, mawingu yanakuja na kuondoka bila mvua.

Nilikaa na ungo wangu. Gauni langu nimelipunguza vidole vitatu. Mmoja kasema: Mama Shani, umekonda. Wengine wakaangalia mchele. Mwanahamisi alikuwepo.

Hadija alikuwa mbele yangu, amejaa, gauni la kijani na mistari yake miwili. Wote wakamgeukia yeye. Zamu yake. Wifi, mwenye ruhusa. Niliweka ungo chini nikangoja. Nilikuwa tayari, hata nilitamani.

Hadija alipeta mchele, akapuliza pumba. Akasema, "Ni mazoezi. Kule Nkuhungu, uwanja wa shule. Tulianza wote, nilikuwa naye." Akamtazama Mwanahamisi, akarudia: "Ni mazoezi tu."

Wakaamini. Palepale. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mchele.

Akanisogezea kopo la maji bila kunitazama. Nikanywa. Hakunitania. Tumekaa pale hadi saa kumi, magoti yetu yakigusana, tukichambua mchele, na hakunitania hata mara moja. Nadhani hatanitania tena.